Mtoto Anaponusurika Kufa Maji Baharini

Mtoto husemwa amenusurika kufa maji pale maji yalipomzidi na kumkatiza pumzi, kisha akatolewa au akajitoa akiwa hai. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2002 walikubaliana kwamba kuzama huanza pumzi inapozuiwa na maji, na mwisho wake unaweza kuwa kifo, madhara ya kudumu au kupona kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, hatari hii hufuata mwendo wa maji. Kwa kawaida bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Huko Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, maji hutoka mbali kuelekea mwambani, na watoto hufuatana na mama zao kwenye mashamba ya mwani au kuokota kombe. Yanaporudi, hutangulia kujaza mabonde. Fungu la mchanga hubaki kavu huku nyuma yake pamekwisha kuwa na kina, na mtoto anayegeuka kurudi hukuta maji ya kifuani pale alipopita kwa miguu.

Mara nyingi mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo ukiibuka, nafasi iliyopo ni ya kuvuta pumzi tu. Mikono haipungi, bali hukandamiza maji ubavuni ili kuinua mwili. Haya yote huweza kwisha ndani ya dakika moja, na walio jirani wakadhani anacheza. Maji yakifika kooni, zoloto hujifunga ghafla na hewa nayo ikazuiwa. Oksijeni ikipungua kwenye damu, mtoto huzirai, na baada ya dakika chache ubongo huanza kudhurika. Upungufu huo unaweza pia kukata kumbukumbu, hata mtu mzima asikumbuke jinsi alivyotolewa majini utotoni.

Anayemwokoa asijitose ovyo, kwani mtoto mwenye hofu humng'ang'ania na kumzamisha. Ni salama zaidi kumrushia dumu tupu lililofungwa kamba. Akitolewa hapumui, apewe pumzi tano za mwanzo mdomoni, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi mbili. Kumning'iniza miguu juu au kumkamua tumbo hupoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Hata akizinduka apelekwe hospitali, hasa akiwa anakohoa, anahema haraka au anasinzia, kwa kuwa mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Hofu ya maji inayobaki isidharauliwe wala isitibiwe kwa kumsukuma mtoto majini. Humtoka polepole, akianzia maji ya magotini na mtu anayemwamini. Ujuzi wa kwanza wa kumfunza ni kuelea chali. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umefundisha watoto kuogelea na kuokoa wenzao, na wasichana wakapatiwa mavazi ya stara ya kuogelea. Ujuzi huo hauondoi wajibu wa mtu mzima kujua saa ya maji kujaa na kutomwondolea macho mtoto aliye baharini.