Daudi Aliukwepa Mkuki

Leo twazungumza juu ya jambo ambalo wengi hutuletea kwa sauti ya chini baada ya ibada: mtu afanyeje akae na jamaa wanaomwumiza, naye asiugue moyoni?

Huku kwetu Kwale, toka Diani mpaka Msambweni, nyumba nyingi zina wazee, wana waliooa, wake zao na wajukuu, wote pamoja. Apataye mshahara hulisha wengi. Hoteli za pwani zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, na tena uchimbaji wa titani ulipokoma Desemba 2024, wako waliorudi nyumbani mikono mitupu. Aliyesifiwa jana, leo huitwa mzigo. Na mke aliyeolewa kwa wakwe huenda akaambiwa kila asubuhi kwamba hafai.

Yafaa tuelewe maneno hayo hufanya nini. Mungu ameuumba mwili ujikinge. Ukiona hatari, moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hatari ikikaa ndani ya nyumba, mwili utatulia lini? Ndipo huja maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya chakula, hasira za ghafula, au huzuni isiyoondoka. Hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, yaweza kuwa ugonjwa, nao hutibika. Tusikimbilie kusema ni pepo, wala kwamba mtu huyo amepungukiwa imani.

Fungueni 1 Samweli 19. Sauli alikuwa baba mkwe wa Daudi, naye alimtupia mkuki mle mle nyumbani, Daudi akimpigia kinubi. Daudi alifanya mambo matatu.

Kwanza, aliukwepa mkuki, wala hakuurudisha. Tusi nalo ni mkuki. Si lazima ulijibu. Inuka, nenda shambani, urudi sauti zikishashuka. Ukidaiwa fedha usizo nazo, sema kwa upole kiasi ulicho nacho, uishie hapo.

Pili, aliondoka. Mkewe Mikali alimteremsha dirishani usiku. Palipo na kipigo, usingoje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani yahesabu hata matusi na mateso ya moyo kuwa ukatili. Simu 1195 hupigwa bila malipo.

Tatu, alimwendea Samweli, akamweleza yote. Mtafute mtu mmoja ajuaye kutunza siri: mchungaji, shangazi, au mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Dalili zikizidi, nenda hospitali, kama ile ya Msambweni. Awazaye kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo. Wala jamaa wasimfiche kwa kuogopa polisi, maana Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua kwapingana na Katiba.

Msikilizaji atauliza: je, amri ya kuwaheshimu wazazi? Tusome sura ya 24. Huko Engedi Sauli aliingia pangoni, mikononi mwa Daudi kabisa. Daudi hakumwua, tena alimwita baba. Sauli akalia, akakiri ubaya wake. Kisha Sauli akarudi kwake, na Daudi akapanda ngomeni. Alimsamehe, akamheshimu, lakini hakurudi kukaa pale mkuki ulipo.

Basi, ndugu uliyechoka, kukaa mbali kidogo si chuki. Waweza kumpelekea mzazi unga na sukari, ukamwombea kila usiku, na bado ukalala chini ya paa jingine. Na wewe ushikaye mkuki wa maneno, uweke chini leo, kabla nyumba haijabaki tupu.

Bwana awape amani nyumbani mwenu. Amina.