Kuondosha Motokaa Mlimani: Kazi ya Miguu Miwili na Mkono Mmoja

Feri inapofika ng'ambo ya Likoni, kusini ya kisiwa cha Mombasa, na kushusha ulimi wake wa chuma, kila kilichomo ndani yake hakina budi kupanda. Njia itokayo majini ni ya mwinuko, na maji ya bahari yakupwapo njia hiyo hurefuka, na sehemu yake ya chini hubaki na unyevu. Hapo hupita malori, mabasi, matatu, mikokoteni na umati wa watu waendao kwa miguu, kila mtu akiwa na haraka yake. Mara nyingi hutokea kwamba lori lililo mbele husimama ghafula, na motokaa zote zilizo nyuma yake hulazimika kusimama pia, pua zikielekea juu na mikia ikielekea baharini.

Hapo ndipo dereva mgeni hutokwa na jasho. Katika barabara tambarare, aondoapo mguu wake kwenye breki, motokaa hubaki pale pale ikimngoja. Mlimani haimngoji. Mara aachapo breki huanza kurudi nyuma, na nyuma yake pengine yuko mama mwenye mtoto mgongoni, au kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, ambao hawajui kwamba mtu aliye mbele yao anahangaika na miguu yake.

Kuondosha motokaa ya gia za mkono mahali pa mwinuko ni jambo linaloogopwa na wanafunzi wengi wa udereva kuliko jambo jingine lolote. Wengi hudhani kwamba siri yake ni wepesi wa miguu, yaani kuruka upesi kutoka breki hadi mafuta kabla motokaa haijateleza. Dhana hiyo ndiyo iletayo ajali. Siri yenyewe ni utaratibu: kutoiachia breki kazi yake mpaka injini imekwisha kuushika mzigo.

UZITO UNAOVUTA NYUMA

Yafaa kwanza kuujua ukubwa wa jambo lenyewe. Tuseme motokaa ndogo yenye uzito wa kilo 1,000 imesimama mahali ambapo barabara hupanda mita 1 kwa kila mita 10. Nguvu inayoivuta kurudi nyuma ni sawa na uzito wa kilo 100 hivi, yaani zaidi kidogo ya gunia moja la mahindi la kilo 90. Lori lenye uzito wa tani 10 katika mwinuko huo huo huvutwa na nguvu ya magunia 11. Katika mji wa Dunedin, huko New Zealand, iko barabara mashuhuri kwa ukali wake iitwayo Baldwin Street, ambayo sehemu yake iliyo kali kabisa hupanda mita 1 kwa kila mita 2.86. Pale motokaa ile ile ndogo ingevutwa kwa nguvu ya kilo 330 hivi.

Wala motokaa haikawii kushika mwendo. Katika mwinuko wa 1 kwa 10, ikiachwa bila breki wala gia, itarudi karibu nusu mita katika sekunde ya kwanza. Baada ya sekunde mbili itakuwa imerudi karibu mita mbili, na baada ya sekunde tatu karibu mita nne. Sekunde tatu ni muda wa mtu kushtuka, kutazama miguu yake na kuitafuta breki. Kwa hiyo dereva asemaye kwamba motokaa yake "ilirudi kidogo tu" hana budi kukumbuka kwamba kidogo hicho kilitosha kumbana mtu kati ya motokaa mbili.

KLACHI NDIYO MPATANISHI

Jambo la pili la kufahamu ni kazi ya klachi, maana dereva asiyeifahamu huendesha kwa kubahatisha. Injini ya motokaa haiwezi kuzunguka polepole sana. Hata inapopumzika huzunguka mara mia kadhaa kwa dakika, na ikipungua chini ya hapo huzimika. Gurudumu, kwa upande wake, limesimama kabisa. Gia ya kwanza husaidia, kwa kuwa huifanya injini izunguke mara 12 au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na hivyo nguvu yake huongezeka sana. Lakini hata hivyo kitu kinachozunguka hakiwezi kufungwa ghafula na kitu kilichosimama bila kimojawapo kushindwa.

Klachi ndiyo impatanishayo mmoja na mwenziwe. Ni sahani iliyo kati ya injini na giaboksi. Mguu wa kushoto ukikanyaga pedeli hadi chini, sahani huachana na injini. Mguu ukiinuka, sahani hubanwa tena. Kati ya kuachana na kubanwa ipo nafasi ndogo ambapo sahani huteleza huku ikianza kushika. Sanaa yote ya kuondoka mlimani imo katika nafasi hiyo, ambayo huenda isizidi upana wa vidole viwili.

Dereva huijua nafasi hiyo kwa masikio na kwa mwili wake, wala si kwa macho. Sauti ya injini hushuka na kuwa nzito, na mwili wa motokaa hujikaza kama punda anayeanza kuvuta mzigo. Mtu aliyekwisha kuizoea ishara hiyo hana haja ya kuuogopa mlima wowote.

UTARATIBU WENYEWE

Motokaa ikiwa imesimama na mguu wa kulia ukiwa kwenye breki, jambo la kwanza ni kuivuta breki ya mkono mpaka ishike barabara. La pili ni kukanyaga klachi hadi chini na kuingiza gia ya kwanza. La tatu, mguu wa kulia huiacha breki na kuhamia kwenye mafuta. Hapo motokaa haitarudi, maana imeshikwa na breki ya mkono, na kwa sababu hiyo hakuna haja ya kukimbiza mguu.

La nne ni kukanyaga mafuta kidogo hadi sauti ya injini ipande na kutulia. Mlima mkali zaidi hutaka mafuta zaidi, lakini ngurumo haitakiwi. La tano, mguu wa kushoto huinuka taratibu mpaka sauti ibadilike na motokaa ijikaze. Ukifika hapo mguu husimama, usipande wala usishuke. Hili ndilo lisahauliwalo na wengi: wakisikia injini imeshika, hufurahi na kuuachilia mguu wote, na motokaa huruka kama mbuzi kisha ikazimika.

La sita, dereva hutazama vioo, hugeuza kichwa kuangalia nyuma na pembeni, na akiona njia i wazi huishusha breki ya mkono kwa utaratibu huku akiongeza mafuta kidogo. Motokaa ikibaki pale pale au ikianza kupanda, amefaulu. Na auinue mguu wa klachi polepole hadi mwisho. Ikianza kurudi nyuma, asijaribu kuiokoa kwa kuiachilia klachi kwa ghafula. Aikanyage breki, avute breki ya mkono tena, na kuanza upya. Kuanza upya si aibu.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kosa la kwanza ni hofu ya honi. Motokaa ya mwanafunzi ikizimika mlimani, wenye haraka walio nyuma hupiga honi, naye kwa kuona haya huwasha injini ovyo na kufanya kila jambo kwa mkupuo mmoja. Injini ikizimika, breki zote mbili zishikwe kwanza. Kisha klachi ikanyagwe, injini iwashwe, na utaratibu uanze tena tangu mwanzo. Mtu wa nyuma hatapoteza zaidi ya nusu dakika. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapana mahali ambapo maneno hayo huonekana ukweli wake upesi kama mlimani.

Kosa la pili ni la madereva wazoefu. Wako wanaojivuna kwamba wanaweza kuisimamisha motokaa mlimani bila breki yoyote, kwa kuichezesha klachi na mafuta tu. Ni kweli kwamba jambo hilo linawezekana, na linafaa kwa kitambo kidogo sana. Lakini wakati wote huo sahani ya klachi inasuguliwa na kupata moto. Harufu kali ya kuungua inayosikika katika msongamano wa magari ya kupanda mlima mara nyingi ni harufu ya klachi za watu wa namna hiyo. Sahani iliyoungua hupoteza uwezo wake wa kushika, na siku moja mwenye motokaa ataona injini inanguruma bure huku magurudumu hayataki kupanda. Hapo atalipa kwa fundi fedha ambazo breki ya mkono ingemwokolea.

Kosa la tatu ni kuitumainia breki ya mkono isiyofaa. Breki hiyo hulegea kidogo kidogo, na mtu akaaye mahali tambarare huenda asitambue mpaka afike mlimani. Yafaa ijaribiwe mara kwa mara, mahali penye mwinuko mdogo pasipo na watu, mguu ukiwa tayari juu ya breki nyingine. Isiposhika, ipelekwe kwa fundi kabla ya safari.

MALORI, MATANIBOI NA MITAMBO YA KISASA

Tatizo hili ni la zamani kama motokaa zenyewe. Ford Model T, motokaa iliyotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1908 na 1927, ilijulikana kwa kupanda milima mikali kinyumenyume. Petroli yake ilishuka yenyewe kutoka tangi hadi kwenye injini bila pampu, na mlimani tangi liliweza kuwa chini mno. Tena gia yake ya nyuma ilikuwa na nguvu kuliko ya mbele. Mwaka 1936 kiwanda cha Studebaker, huko huko Marekani, kilianza kuuza motokaa zenye mtambo wa kuzishika breki mlimani wakati klachi imekanyagwa, na kuziachia klachi ilipoinuliwa.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo ya kushika ilifanywa na mtu. Taniboi wa lori au basi aliruka chini na gogo au jiwe mkononi, akaliweka nyuma ya gurudumu mara gari liliposimama. Abiria wengi walifika salama kwa sababu ya wepesi wa kijana huyo, na gogo la namna hiyo bado lina faida kwa lori lililoharibika mlimani.

Siku hizi motokaa nyingi hubadilisha gia zenyewe, na nyingi nyingine zenye gia za mkono huwa na mtambo wa umeme unaozishika breki kwa muda wa sekunde 2 hivi baada ya mguu kuondoka. Ni msaada mwema. Lakini sekunde mbili si nyingi, na dereva aliyefunzwa na mtambo huo peke yake atajikuta mashakani siku atakapokabidhiwa lori kuukuu la shehena.

MAHALI PA KUJIFUNZIA

Kwa sababu hizo zote, mahali pa kujifunza jambo hili si feri wala barabara kuu. Ni mwinuko mdogo, mkavu, usio na watu, mwalimu akiwa pembeni. Mwanafunzi aanze kwa kuitafuta nafasi ya klachi mara nyingi huku breki ya mkono ikiwa imevutwa, bila kuondoka kabisa. Akiipata kila mara, ndipo ashushe breki. Akifaulu mara kumi mfululizo bila kurudi nyuma, ndipo aende mwinuko ulio mkali zaidi.

Walio nyuma nao wana wajibu. Dereva asimamaye nyuma ya lori mlimani na aache nafasi ya urefu wa motokaa moja, na zaidi lori likiwa na shehena. Mtu aendaye kwa miguu asipite kati ya magari mawili yaliyosimama mlimani, hata akiwa na haraka namna gani, maana hajui ni nani aliyeshika usukani mbele yake.

Kule Likoni, lori la mbele likianza kwenda, dereva aliyejifunza vema huinua klachi mpaka injini ishike, hutazama nyuma, hushusha breki ya mkono, na motokaa yake hupanda bila kurudi hata shubiri moja. Mama mwenye mtoto mgongoni hupita kando yake akiwaza mambo ya sokoni. Hakutambua kwamba kulikuwa na jambo lolote la hatari, na ndivyo inavyopasa kuwa.