Zana Huria za Java na Hatima ya Herufi za Lugha za Mpakani: Mfano wa Iyolwa

Utangulizi

Iyolwa ipo wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, katika ukanda wa mpaka ambamo Kipadhola, Kiteso, Kisamia, Kiganda na Kiswahili hukutana. Jina la mkazi wa ukanda huo likiingizwa katika kompyuta iliyo mbali, mwenyewe hana njia ya kujua limehifadhiwaje. Makala hii inaeleza namna zana huria za Java zinavyowezesha ukaguzi wa kompyuta ya kiwango cha kati kutoka mbali, na inadai kuwa ukaguzi huo ni suala la sera ya lugha.

Kompyuta na zana zake

Kompyuta ya kiwango cha kati husimama kati ya kompyuta ya mezani na mashine kuu za taasisi kubwa. Mfano maarufu ni AS/400, iliyotolewa na IBM mwaka 1988. Mfumo uliorithi kazi yake leo huitwa IBM i. Benki na kampuni za bima ni miongoni mwa watumiaji wake.

Zana mbili huria zinahusika hapa. JTOpen ni maktaba ya Java inayomwezesha mwenye idhini kusoma hifadhidata na faili, na kutuma amri kwa mashine. Nayo tn5250j huigiza skrini ya terminali ya mfumo huo. Kwa kuwa chanzo chake kiko wazi, mtaalamu yeyote anaweza kuchunguza jinsi kila herufi inavyogeuzwa.

Hatima ya herufi

Kwa desturi, mashine hizi huhifadhi maandishi kwa mfumo wa EBCDIC, ilhali Java hutumia Yunikodi. Jedwali la EBCDIC namba 37 lina nafasi 256 tu. Kiswahili hakipati shida humo: sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe huandikwa kwa herufi mbili na kibainishi, na vyote vimo. Kiganda huandika sauti hiyo kwa herufi moja, ŋ, kama katika neno eŋŋoma. Herufi hiyo haimo. Ikiingizwa, mashine huweka mahali pake alama mbadala, yaani baiti 3F, na herufi ya asili hairejesheki.

Ukaguzi huanza kwa kuuliza safuwima inatumia jedwali gani, kisha kuomba baiti zenyewe kwa amri ya HEX. Baiti 3F katika safuwima ya EBCDIC huashiria kuwa herufi ilipotea wakati wa kuhifadhi. Safuwima ya Yunikodi yenye 014B inayo ŋ kamili. Kasoro ipo kwenye skrini. Tofauti hii ni muhimu, kwani kasoro ya skrini hurekebishwa na fundi, bali herufi iliyopotea humlazimu mwenye jina aulizwe upya.

Hitimisho

Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda, zote za mwaka 2019, zinampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake. Haki hiyo ni pungufu iwapo mfumo hauwezi kuandika jina lake. Inapendekezwa kwamba mikataba ya mifumo ya umma idai safuwima za Yunikodi, na kwamba majaribio ya kupokea mfumo yajumuishe maneno ya lugha za eneo husika.