Skrubu ndogo inayobeba uhai wa mpiga mbizi

MPIGA mbizi anayeteremka kwenye matumbawe ya Watamu au Kisite hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa kwa takriban baa 200. Gurudumu la gari dogo hujazwa baa 2 hivi. Hewa hiyo ingemfikia kinywani jinsi ilivyo, ingempasua mapafu.

Kinga yake ni kidhibiti hewa, kifaa kilichotokana na kile ambacho Jacques Cousteau na Émile Gagnan walikiunda Ufaransa mwaka wa 1943. Vidhibiti vingi vya leo hupunguza shinikizo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, inayofungwa kwenye mtungi, hulishusha hadi kati ya baa 9 na 10 juu ya shinikizo la maji. Hilo ndilo shinikizo la kati. Hatua ya pili, ile inayoumwa mdomoni, humalizia kazi.

Shinikizo la kati likiwa chini mno, hewa huwa nzito kuvuta, hasa kwenye kina kirefu. Likizidi, vali ya mdomoni hushindwa kujifunga, hewa ikafoka yenyewe na mtungi ukaisha upesi.

Fundi hulipima kwa geji inayounganishwa na mpira wa hewa. Katika vidhibiti vya kiwambo, huzungusha skrubu inayobana springi: kuikaza hulipandisha, kuilegeza hulishusha. Huizungusha kidogo sana, kisha hubonyeza kitufe cha kutoa hewa mara kadhaa kabla ya kusoma tena. Kiwango sahihi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji, wala si cha kukisia.

Hata hivyo, si kila hitilafu hutibiwa kwa skrubu, na hapa ndipo wasio na ujuzi hukosea. Kitufe kikiachiliwa, mshale wa geji unapaswa kupanda na kutulia. Ukiendelea kupanda polepole, huenda kikalio cha vali kimechakaa au kimeingiwa na chumvi. Kulegeza skrubu hapo ni kuficha ugonjwa. Hewa itaendelea kuvuja. Kidhibiti sharti kifunguliwe, kisafishwe na kikalio kibadilishwe.

Asiye na geji anaweza kufungua mtungi akiwa bado ufuoni, asubiri dakika chache na kusikiliza. Hewa ikianza kunong'ona mdomoni mwa kidhibiti, hakifai kuingia baharini siku hiyo.