Gari Inakunywa Maji? Tafuta Yanakokwenda Kabla Hujapakia Mzigo

Leo naweka pembeni kidogo kantangaze na mbolea, tuongelee gari linalobeba mazao yako.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia alipakia matenga ya nyanya kwenye kirikuu yake pale Ruaha Mbuyuni, anapeleka Iringa mjini. Njia hiyo lazima upande mlima Kitonga. Katikati ya mlima gari ikachemsha, ikazima. Nyanya zikakaa hapo mpaka kesho yake mchana, nyingi zikalainika. Lakini hasara kubwa haikuwa nyanya. Silinda hedi ilipinda, na hela aliyotenga kwa ajili ya mbegu na mbolea ikaishia gereji.

Nikamuuliza kama gari ilikuwa na dalili. Akanijibu, "Bwana shamba, ilikuwa inakunywa maji kidogo tu. Kila asubuhi naongeza lita moja." Wiki tatu anaongeza! Fundi alipokagua akakuta mpira wa maji chini ya kiti umechanika pembeni ya klampu. Mpira tu.

Ndugu yangu, gari hainywi maji. Maji ya rejeta yanazunguka sehemu iliyofungwa: injini, rejeta, halafu yanarudi. Yakipungua kila siku, ujue kuna mahali yanatokea. Kazi yako ni kupajua.

Kwanza, usalama

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Ndani kuna mgandamizo, na maji yatakurukia usoni. Subiri mpaka rejeta ipoe kabisa, uweze kuishika kwa mkono bila shida. Pia usimwagie maji baridi injini iliyochemka, chuma kinaweza kupasuka.

Hatua ya 1: Pima upotevu

Asubuhi injini ikiwa baridi, jaza rejeta, kisha jaza tanki la akiba mpaka kwenye alama ya juu. Tembea safari zako za kawaida, kesho yake asubuhi angalia tena. Andika kwenye daftari umeongeza kiasi gani. Ukiona kiasi kinaongezeka siku hadi siku, tundu linapanuka.

Hatua ya 2: Weka boksi chini ya gari

Kunjua boksi kavu, liweke chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia doa liko usawa gani. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, hayo yasikutishe. Kulanti ina rangi, mara nyingi kijani, nyekundu au bluu, na ukiigusa inateleza. Usiionje, ni sumu. Ikimwagika ifute mapema, maana ina utamu na mbwa au mifugo wakiilamba wanaweza kufa.

Hatua ya 3: Fuata alama

Tundu dogo halidondoshi maji chini. Maji yanakaukia kwenye injini ya moto na kuacha ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti. Chukua tochi, kagua kwa mpangilio huu:

- Mipira yote, hasa kwenye klampu. Ibinye injini ikiwa baridi. Ikiwa na nyufa, au imekuwa laini kupita kiasi, badilisha.
- Rejeta, hasa pale plastiki inapoungana na bati.
- Pampu ya maji. Ina kitundu kidogo chini ya shafti. Kikitoa maji, sili ya ndani imekwisha.
- Nyumba ya thamostati.
- Ndani ya gari, kama lina hita. Zulia likiwa limelowa, au kioo cha mbele kina ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.
- Mfuniko wa rejeta. Mpira wake ukichoka, mgandamizo haukai na maji yanatoka kidogo kidogo.

Kwa wenye kirikuu, injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele. Inua viti, kisha ingia uvunguni ukague mabomba yote. Usiishie pale macho yanapofika kirahisi.

Hatua ya 4: Pima kwa mgandamizo

Hapa mkulima wa umwagiliaji ataelewa haraka. Ukitafuta mpira wa matone unaovuja, huwezi kuuona pampu ikiwa imezimwa. Unafungulia maji, mgandamizo unapanda, tundu linajitokeza lenyewe. Gari ni vilevile. Fundi mwenye pampu ya kupimia rejeta anaifunga badala ya mfuniko, injini ikiwa baridi, anajaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wako, mara nyingi 0.9 au 1.1. Mkisubiri kama dakika 15 na mshale haujashuka, nje hakuna tundu. Ukishuka, fuateni maji yanapochuruzika.

Hatua ya 5: Kama nje pakavu

Maji yanapungua na hakuna tone nje? Yanaweza kuwa yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya silinda hedi. Dalili ni hizi: moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, au mipira kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha gari asubuhi. Ukiona mojawapo, usipakie mzigo. Mpeleke fundi akahakikishe.

Usijidanganye

Dawa ya kuziba rejeta inaweza kukufikisha nyumbani, lakini inaweza pia kuziba vijia vyembamba vya rejeta. Maji ya kisima chenye chumvi nayo yanaacha ukoko ndani. Tumia kulanti iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukishaziba tundu, rudia hatua ya 1 kwa wiki nzima. Maji yasiposhuka, ndipo useme umepona.

Yule kijana sasa ana daftari kwenye dashibodi. Mpira uliomsumbua ni bei ya tenga moja la nyanya. Alilipa msimu mzima.