Chaga la Mbao Kutoka Ng'ambo: Tazama Muhuri Wake Kwanza



Mbao ni adimu hapa Isiolo. Ukinunua pampu ya maji iliyotoka ng'ambo, sanduku lake hulitupi. Utalifanya mlango wa banda la kuku, na chaga lake utaliweka ghalani chini ya magunia ya mahindi. Ni jambo jema, maana mbao ni mali. Lakini kabla ya kuliingiza ghalani, litazame vizuri.

Kwa nini? Kwa sababu ubao waweza kuwa nyumba ya wadudu. Mdudu hutaga mayai katika gome, buu hutoboa na kula ndani kwa ndani, nawe kwa nje huoni kitu. Ubao huo hupigiliwa misumari ukawa sanduku, hupakiwa melini, na mwishowe mdudu hutokea katika nchi asikokuwa na adui wa kumla.

Haya yamekwisha kutokea. Mwaka 1996 mdudu mmoja wa Asia, mwenye papasi ndefu, alionekana New York. Mwaka 1998 alionekana Chicago, na huko ilibidi miti zaidi ya 1,500 ikatwe ili amalizwe. Alisafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo.

Nasi tuna funzo letu. Dumuzi wa mahindi kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Alijulikana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuingia Kenya upande wa Taveta. Yeye husafiri zaidi katika nafaka, lakini hutoboa mbao pia. Ghala likiwa tupu, aweza kujificha katika nguzo na machaga akingoja mavuno mapya.

SHERIA YASEMAJE?

Mwaka 2002 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea yalipatana juu ya Kanuni ya 15. Kanuni hiyo yataka mbao za kufungia mizigo ya ng'ambo ziondolewe magome, kisha zitibiwe. Njia moja ni joto: ubao wote, mpaka kiini chake, ufikie digrii 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Njia nyingine ni kufukizwa kwa dawa ya mvuke iitwayo methili bromaidi.

Ubao uliotibiwa hupigwa muhuri. Utaona picha ya shuke la ngano na herufi IPPC. Kando yake ni herufi mbili za nchi, kama KE kwa Kenya au CN kwa China, kisha namba ya mtengenezaji na njia ya tiba: HT ni joto, MB ni methili bromaidi. Plaiwudi, na mbao nyembamba zisizozidi milimita 6, hazihitaji muhuri.

Hapa Kenya kazi hii ni ya KEPHIS, shirika lililoanzishwa mwaka 1996. Mzigo ukifika bila muhuri, wakaguzi waweza kuamuru mbao zitibiwe, zichomwe au zirudishwe zilikotoka. Kwa hiyo, ukiagiza mashine, mwambie muuzaji mapema atumie mbao zenye muhuri.

Huenda ukauliza: Je, kreti zangu za nyanya zinazokwenda Nairobi zahitaji muhuri? La. Kanuni hii ni ya mizigo inayovuka mipaka ya nchi. Lakini chama chenu kikipata mnunuzi wa ng'ambo, waulizeni KEPHIS kabla ya kufunga mzigo.

FANYA HIVI

1. Tafuta muhuri. Chaga lenye MB usiliweke karibu na chakula, wala usilifanye kuni za kupikia.

2. Tazama vitundu, unga wa mbao na mabaki ya gome. Ukiviona, usilibebe kumpelekea jirani. Mwite Bwana Shamba.

3. Usidhani muhuri ni kinga ya milele. Ubao uliotibiwa waweza kuingiwa na wadudu wengine baadaye, hasa ukilala karibu na nafaka chafu.

4. Kabla ya mavuno, fagia ghala, kagua nguzo na machaga, uchome takataka zote.

Kutazama ubao ni kazi ya dakika tano. Kumfukuza mdudu aliyekwisha kuingia ghalani ni kazi ya miaka.