Je, Wajua? Mbegu za Bara Hindi Ziliyaokoa Matikiti ya California

Je, wajua ya kuwa tikiti tamu, ambalo kwa nasaba ni ndugu wa karibu zaidi wa tango kuliko wa tikitimaji, lilinusurika katika mashamba ya Imperial Valley, huko California, kwa fadhila ya mbegu zilizotoka Bara Hindi? Mnamo mwaka 1925 maradhi ya ubwiriunga, yaani kuvu inayoyavika majani unga mweupe hata yakanyauka kabla tunda halijaiva, yaliwashukia wakulima wa bonde lile. Nao wataalamu, katika kuzijaribu mbegu za kigeni, wakapata miongoni mwa zile za Kihindi mimea iliyoyastahimili. Wakaichavusha na matikiti yaliyozoeleka sokoni, wakachagua kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 1936 wakatoa aina iitwayo PMR 45, iliyojumuisha kinga na utamu. Lakini kuvu nayo ina makabila yake: mwaka 1938 likazuka jingine lililoishinda kinga hiyo, ikalazimu kuirejea tena hazina ile ile ya Bara Hindi.

Hapo ndipo ilipo hekima ya kuhifadhi mbegu za kila namna, hata za matikiti machungu ya mwituni yasiyo na mnunuzi. Kwani mzalishaji wa mbegu hawezi kuumba kinga kwa matakwa yake, bali huitafuta ilipo, na aina ya kienyeji ikishatoweka, hutoweka pamoja na dawa ya maradhi ambayo bado hayajatufikia.